Ngamia Niliyemtia Madoa

Pale Sarang'ombe, kwenye kibanda cha wachonga vinyago waliotoka Machakos, kazi yangu ilikuwa msasa, kiwi na madoa. Wanaume walichonga, mimi nilisugua, nikang'arisha kwa kiwi, ile rangi ya viatu, na kila twiga nikamchoma madoa kwa msumari wa moto. Miaka mitatu hivyo, na roho yangu yote inataka tezo, nichonge na mimi. "Mama, tezo itakukata mguu," mzee wetu alinijibu kila nilipoomba, vijana wakaangua kicheko. Ilinikera, sitadanganya.

Siku moja akaja mwalimu wa mambo ya mifupa ya kale, ameshika picha. Ngamia, lakini hana nundu, na shingo imepanda juu kama ya twiga. Akasema anaitwa Aepycamelus, aliishi Amerika mamilioni ya miaka iliyopita, akaisha duniani kabla binadamu hajamwona. Alitaka mmoja wa mbao wa kuonyesha wanafunzi.

"Hiyo ni twiga imeharibika," kijana mmoja akasema. Hakuna aliyetaka kupoteza gogo zuri.

Nikaruka. "Nipeni mimi!"

Mzee akanitazama sana. "Haya. Mteja akimkubali, tezo ni yako. Akimkataa, sitaki kusikia hiyo maneno tena."

Nilichonga wiki nzima kwa tezo ya kuazima. Shingo ikatoka, miguu ikatoka, hata ule mdomo wa kudharau watu. Nikapiga msasa, nikawasha jiko, nikachomeka msumari, huku naimba nyimbo za kanisani. Nilipomaliza ubeti wa mwisho nikaangalia mapajani. Woi! Ngamia mzima ana madoa! Mikono iliona shingo ndefu, ikafanya ilivyozoea. Nililia, haki ya Mungu.

Nilisugua tena lakini madoa yalikuwa yameingia ndani. Mwalimu akafika, akamgeuza huku na huku.

"Na haya madoa?"

"Ni makosa yangu, mwalimu. Mkono umezoea twiga."

Akacheka mpaka akakaa juu ya gogo. "Mama, sisi tulipata mifupa tu. Ngozi yake hakuna aliyeiona. Nani ataapa hakuwa na madoa?" Akamfunga kwa gazeti, akaenda naye.

Asubuhi iliyofuata nilikuta tezo juu ya kigoda changu. Mzee alikuwa amekaa kando, twiga mapajani, msasa mkononi.

"Mama," akaniuliza bila kuinua kichwa, "kiwi huwa unaweka wapi?"