Wiki Tatu za Tove Skovgaard

Tove Skovgaard alikuwa na sharti moja katika maabara yake kule Odense, na kwa miaka ishirini na sita hakulivunja: usimwambie mtu yeyote matokeo kabla ya kubadilisha chakula.

Kazi yake ilikuwa kulisha seli. Seli za mtu mwenye afya alizipa chakula kizito, ambacho atomu zake zimeongezewa uzito kidogo. Za mgonjwa alizipa cha kawaida. Seli haitambui tofauti. Hula na kujijenga. Kisha alizichanganya na kuzitia kwenye mashine ya kupima uzito, nayo ikaonyesha kila protini imetoka upande gani, na kwa kiasi gani. Baada ya hapo alirudia yote kinyume: mgonjwa akapewa kizito, mzima akapewa cha kawaida. Jambo la kweli humfuata mgonjwa, hata ale chakula kipi. Marudio hayo yalichukua wiki tatu.

Safari hii mgonjwa alikuwa Ejner, mdogo wake, fundi mwashi wa Kerteminde ambaye misuli ya mapaja ilikuwa ikinyauka. Ejner mwenyewe alikubali kukatwa kipande cha msuli wa paja lake.

Mzunguko wa kwanza ulionyesha protini moja iliyozidi mara sita upande wa Ejner. Tove alilijua jina lake: protini ya ngozi, si ya msuli. Akajiambia kwamba huenda msuli mgonjwa una mambo yake.

"Tubadilishe chakula kwanza," alisema Agnete, mkuu wa maabara. "Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

"Najua nilichofundisha," Tove alijibu.

Jumapili akaenda Kerteminde na mkate wa shayiri nyeusi. Ejner alishuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja, akicheka.

"Lifti ya Skovgaard hiyo, dada. Haijaharibika hata siku moja."

Mezani palikuwa na barua ya manispaa. Alikuwa amepewa nyumba isiyo na ngazi, na siku kumi za kujibu.

Tove akamweleza yote: chakula kizito, chakula cha kawaida, mara sita.

"Kwa hiyo yule mzima kala cha maana, mimi nikapewa cha kawaida?" Ejner alisema. "Hata kwenye kisahani mnanibagua."

"Sikiliza, wewe. Tumepata pa kushika."

Ejner akaivuta ile barua ya manispaa. "Ungesema hivyo kama huna hakika?"

Hapo Tove alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Alisema, "Unanijua."

Ejner aliiandikia manispaa kwamba haihitaji ile nyumba.

Wiki tatu zikatimia. Seli za Ejner sasa zilikuwa zimekula kizito, na ile protini ilipaswa kumfuata. Haikumfuata. Ilibaki kwenye chakula cha kawaida, ambacho sasa kilikuwa upande wa mtu mzima. Haikutoka kwa mgonjwa wala kwa mzima. Ilikuwa jasho. Tove alikuwa na mazoea ya kusukuma miwani yake kwa kidole chenye glavu, na jasho la paji la uso wake, kama la binadamu yeyote, limejengwa kwa chakula cha kawaida.

Alimpigia Agnete simu siku hiyohiyo. Kwa Ejner alichelewa siku nne, akitafuta maneno.

"Jasho lako," Ejner alisema alipoyasikia. "Basi nimebeba jasho la dada yangu mwezi mzima nikidhani ni dawa." Hakucheka. "Ile nyumba wamempa bibi mmoja wa Munkebo."

"Nitawaandikia, Ejner."

"Andika."

Aliandika. Walijibu kwamba foleni ni ya miezi kumi na minne. Mwezi wa pili wa kusubiri, Ejner alianguka kutoka kidato cha tisa, akavunjika nyonga.

Daktari wake alikuwa amemkadiria miaka miwili zaidi ya kutembea. Hakutembea tena.