Kichuguu Kilichoitwa Tasa

Katika boma la mzee Ombui, huko Gesima, karibu kila nyumba ilikuwa na kichuguu chake cha kutegea kumbikumbi, na mke asiye na kichuguu aliletewa sahani ya kumbikumbi na wenzake. Nyanchera, aliyeolewa hapo mwaka wa 1963, hakuwa nacho. Sahani alizipokea na kushukuru. Lakini alitaka wanawe wale vya kwao.

Mvua za Aprili 1965 zilipopusa kidogo, aliona kumbikumbi wawili wakiangusha mabawa, jike mbele, dume nyuma, wakazama udongoni karibu na migomba yake. Akachomeka kijiti pale, akangoja. Mwaka wa tatu udongo ukainuka kiasi cha kutambulika. Basi Nyanchera, kwa pupa yake, akasimamisha fito, akafunika majani ya mgomba, akagonga vijiti mchana kutwa kuigiza mvua ili kumbikumbi watoke. Walitoka mchwa askari tu, wakamng'ata vidole. Wake wa shemeji zake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakakiita kichuguu tasa.

Mwaka wa 1969 mumewe, Cleophas, alipata miche ya chai, na mstari wa kupandia ukapita katikati ya kichuguu. Akaja na jembe kumchimbua malkia. Nyanchera alimsihi, naye akajibu, na si kwa ubaya, kwamba chai itasomesha watoto, je, hicho kichuguu kimewapa nini? Hapo mama mkwe, Mong'ina, mwanamke wa maneno machache na makali, alikuja akaketi juu ya kichuguu chenyewe, askari wamng'ate wapendavyo.

"Hiki si tasa, ni kichanga," alimwambia mwanawe. "Mama na baba wa mchwa hawa waliwalea wa kwanza kwa mikono yao, na wote walikuwa wa kazi. Hao ndio wanaowalisha wazazi sasa. Wa mabawa huzaliwa mwisho, nyumba ikishajaa."

Cleophas akapindisha mstari wa chai.

Aprili 1971 kumbikumbi walitoka, chungu alichotega kikafurika. Nyanchera alipeleka sahani ya kwanza kwa Mong'ina, akapiga magoti, akamshukuru huku machozi yakimtoka bila haya. Mong'ina alitafuna polepole, akauliza kama wote wamenaswa. Nyanchera akajibu kwa fahari kwamba alifunika vizuri, hakuponyoka hata mmoja.

"Nenda ukafunue," mama mkwe akasema. "Wewe uliachiwa wawili wa kuanzia."