Tulimwekea Ndiyo Harlan Teague

Jumatano, tarehe 15 Machi 2023. Baridi kali, theluji nyepesi tangu alfajiri. Barabara ya shule imemwagiwa chumvi.

Saa tano Verna Stuckey aliweka upawa chini katikati ya kugawa chakula. Kwa miaka kumi na tisa tuliyopika pamoja katika jiko la shule sijawahi kumwona akifanya hivyo. Binti yake, Joleen, alikuwa amempigia simu akitoka hospitali. Mimba ya wiki kumi na nane, chupa ya uzazi imepasuka tangu jana, mtoto hawezi kuishi, na daktari amemwambia arudi nyumbani akasubiri.

"Asubiri nini?" nilimuuliza.

"Augue vya kutosha."

Verna ana miaka sitini na moja, mjane, na mjini kwetu anasikilizwa kwa jambo moja: majaji. Katika jimbo letu gavana humteua jaji wa mahakama ya juu, kisha wapiga kura tunaulizwa, nyuma ya karatasi ya kura, abaki au aondoke. Majina ya mbele, ya wanasiasa, tunayagombania hadi ndugu wananuniana Krismasi. Nyuma hakuna anayemjua mtu. Kwa hiyo Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi wanawake wa kanisa letu humzunguka Verna ukumbini, vikombe vya kahawa mkononi. "Verna, nyuma tufanyeje?" Naye hugawa vijikaratasi alivyoandika kwa mkono.

Mwaka 2020 aliandika: Harlan Teague, ndiyo. Teague ni mtoto wa hapa hapa, alisoma darasa moja na Verna. Alipoteuliwa, baadhi yetu tuliingiwa na wasiwasi, maana gavana alikuwa amejinadi kwamba angechagua majaji wa kukomesha utoaji mimba. Verna akamwalika chakula cha mchana. Kuku nilimkaanga mimi. Verna alimuuliza bila kuzunguka, na Teague akapangusa mdomo, akasema, "Unanijua, Verna. Jaji hana kazi katikati ya mwanamke na daktari wake." Niliyaandika maneno hayo siku ile ile.

Alibaki, kwa tofauti ya kura chache.

Mwaka jana Mahakama Kuu ya nchi ilipoyaachia majimbo suala hilo, bunge letu likapitisha marufuku, na madaktari wakaenda kuipinga mahakamani. Januari walishindwa, majaji wanne dhidi ya watatu. Teague alikuwa miongoni mwa wale wanne, na hukumu aliiandika yeye. Verna alimtetea wiki nzima. Alisema lazima kuna kitu cha kisheria tusichokielewa sisi wapishi.

Mchana nilimpeleka kwa Joleen. Alikuwa amelala kwenye kochi, midomo haina rangi.

"Mama, vua huo wavu wa nywele," alisema. "Umekuja kunipakulia viazi?"

Verna hakucheka. Alimpigia Teague, simu ikiwa wazi sote tusikie.

"Harlan, ni Verna. Joleen chupa imepasuka, na hospitali wanaogopa hukumu yako."

"Ee, pole sana, Verna. Lakini siruhusiwi kuzungumzia mambo ya mahakama."

"Uliruhusiwa ulipokuwa unakula kuku wangu."

"Yale yalikuwa maongezi ya mezani tu. Na hukumu haikatazi matibabu ya dharura."

"Dharura inaanzia wapi? Homa ikifika ngapi? Nitajie, niwaambie."

"Hilo ni la daktari."

"Daktari anasema ni la kwako."

"Nitawaombea," alisema, akakata.

Joleen alikuwa anatazama dari. "Na mimi nilimwekea ndiyo, Mama. Sikumsoma hata mstari mmoja. Niliingia na kijikaratasi chako."

Verna alikaa ukingoni mwa kochi, akaanza kumsugua binti yake miguu, na akaendelea kuisugua hata Joleen aliposema inatosha.

"Alikuwa anajua," alisema baadaye, kama anayeongea peke yake. "Pale pale mezani alikuwa anajua."

Jioni kipimajoto kilionyesha thelathini na saba na nusu. Niliipigia simu hospitali. Nesi aliniambia bado haitoshi, kisha akashusha sauti: "Mama, sikusema mimi. Mvusheni mpaka wa jimbo kabla homa haijapanda."

Alhamisi, tarehe 16 Machi. Saa kumi na moja alfajiri Verna alitandika mataulo kwenye kiti cha nyuma, akamfunga Joleen mkanda, akaendesha gari kwa muda wa saa nne hadi jimbo jirani. Walifika homa imepita thelathini na tisa. Hospitali ya huko walimpokea na kumtibu saa ile ile, bila kumwita mwanasheria. Verna alinipigia jikoni kunieleza kwamba Joleen amelala na homa inashuka, akaniomba nimwombee ruhusa hadi Jumatatu.