Siku Niliyotwanga Makopa

Kijijini kwetu, upande wa Mnyambe, asubuhi ilianza na vinu. Tu, tu, kwa mama. Tu, tu, tu, kwa jirani yetu Mama Hilda. Na harufu ya makopa, ile mihogo mikavu, ikatuingia puani kabla hata hatujanawa uso. Nilikuwa na miaka tisa hivi, Mwingereza bado anatawala, nami nilikuwa mtoto wa ndoto kwelikweli. Baba yangu na baba yake Hilda walikuwa wameondoka pamoja kwenda kuchimba dhahabu kusini huko, mbali kabisa, na kila siku nilimwona baba kichwani mwangu akirudi na viatu vyekundu alivyoniahidi.

Asubuhi moja mwalimu wa misheni alifika na baiskeli kutoka Newala. Redio ya padri imesema mgodi umeporomoka, watu wamefukiwa, majina bado. Kwetu, nyumba inayongoja habari ya namna hiyo haitwangi. Mchi unalazwa chini, na ukisikika tena majirani wanajua kwamba mtu wao amepona. Mama na Mama Hilda wakalaza michi yao, wakakaa barazani kwetu wakibangua korosho ambazo hakuna aliyezila.

"Mama Anjela, wako yule mvivu," Mama Hilda akasema. "Siku hiyo lazima alisingizia tumbo."

"Na wako je? Panya tu anamkimbia, ataingia shimoni?"

Wakacheka, halafu wakazirudia korosho zao.

Mchana mama alishuka bondeni kuteka maji, safari ya kushuka na kupanda mpaka jua linaegemea. Mama Hilda akaenda kwake kujilaza. Mdogo wangu alilia njaa, akalia mpaka sauti ikakauka, nami sikuweza kuvumilia. Nisiseme nilisahau. Nilijua. Nilijiambia nitatwanga polepole, makopa mawili tu, hakuna atakayesikia. Lakini mkono ulipozoea, ndoto ikaja: baba anakata kona kwenye mkorosho, viatu mkononi. Nikatwanga kwa furaha, kwa nguvu, huku naimba.

Mama Hilda aliingia uani mbio, khanga imemwanguka. Akanishika mabega.

"Anjela, mwanangu, wamepona? Wote wawili?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Uso wake ulikuwa unang'aa, nami nilitaka sana iwe kweli. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akapiga vigelegele, akarudi kwake, na mara kinu chake kikaanza. Mama alikisikia akiwa bado kwenye mteremko. Akautua mtungi vibaya, maji ya nusu siku yakamwagika mchangani, akaja anakimbia. "Nani kaleta habari?" Nikatazama miguu yangu. Hakunipiga. Alikwenda mwenyewe kwa Mama Hilda, nami nikabaki nasikiliza, mpaka kinu kile kikanyamaza katikati ya pigo.

Jioni ile Mama Hilda alikuja na ungo. Ulikuwa na unga aliotwanga kwa uongo wangu, mweupe, umechekechwa vizuri. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akasema. "Mpikie mdogo wako. Mtoto hangoji redio."

Siku ya tatu mwalimu alirudi na majina ya waliopona. Baba alikuwa mzima. Baba Hilda hakuwamo. Mama hakuugusa mchi mpaka matanga ya jirani yalipokwisha, tukaishi kwa mihogo ya kuchemsha, na baba alipokuja na viatu, vyekundu kweli, nilimwomba ampe Hilda. Vilimbana vidole, akavivaa hivyo hivyo.

Siku hizi kijijini kuna mashine ya kusaga, inanguruma hata kukiwa na msiba nyumba ya pili. Habari inafika kwenye simu na picha zake, na watu wanatumiana kabla wenye ndugu hawajajua. Wajukuu wananishangaa nikisikia kwamba mahali fulani watu wamefukiwa: naacha nilichoshika, nakaa, sisemi lolote la kutia moyo. Wanadhani ni uzee. Mimi nangoja majina.