Neno la Kumpokea Aliyerudi

Juzi pale Laela tulikuwa tunapakia mahindi. Likaja lori la mtumba, jipya machoni pa kila mtu. Lilipoanza kurudi nyuma, sauti ya mwanamke ikasema kitu kwa Kijapani. Makuli wenzangu wakacheka. Mimi, rafiki yangu, nikatua gunia, nikasikiliza.

Lugha ile niliijua utotoni, mtaani kwetu Chanji. Fundi wa pampu za visima, mwanamke kutoka Japani, alipanga chumba kwa bibi yangu. Jioni za upepo alichuchumaa nasi jikoni, moshi ukimtoa machozi, akatufundisha maneno ya msafiri. Konnichiwa, unaposalimia mchana. Arigato, asante. Sumimasen, unapotaka kupita mbele ya watu. Sisi tulimfundisha kumega ugali wa ulezi.

Bibi, ambaye Kiswahili chenyewe alikichanganya na Kifipa, alipenda maneno mawili tu. Anayerudi nyumbani husema tadaima, nimerudi. Aliyebaki hujibu okaeri, karibu tena nyumbani. Fundi alipotoka Kirando na dagaa wake kwenye kikapu, aliita tadaima toka uani, na bibi akajibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Alikuwa akisema, "Mgeni hupiga hodi. Mwenye kwao husema amerudi."

Kisha fundi akapata habari kwamba mama yake ni mgonjwa, akaenda kwao. Mvua zilianza, zikakolea, hajarudi. Bibi akalisahau neno lake. Siku moja alinifuata bombani, nikiwa na wenzangu kwenye foleni ya ndoo.

"Mjukuu wangu, lile neno la kumpokea mwanangu fundi ni lipi?"

"Oyaa, Mjapani!" mmoja akadakia. "Mjibu bibi yako! Na karate utuonyeshe!"

Wote wakaangua kicheko. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Nimesahau, bibi."

Aliniuliza tena akipepeta ulezi, tena akichambua maharage, tukiwa wawili tu. Ningeweza kumwambia. Lakini ningeonekana nilimdanganya, basi nikashikilia kusahau.

Fundi alirudi jua likizama, amekonda. Akasimama uani. "Tadaima."

Bibi akafungua mdomo, akaniangalia. Nikainamia maharage. Akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama Wafipa tunavyompokea mgeni wa heshima. Fundi naye akapiga magoti, akapiga makofi vilevile. Tulipokula akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mama alikuwa ananijibu. Sasa amekufa. Njiani nilifikiri, Chanji yuko bibi."

Bibi akaacha kula. Mimi nikaendelea, maana mdomo uliojaa hauulizwi kitu.

Mkataba wake ulipokwisha aliondoka moja kwa moja. Bibi naye tumemzika. Jiko lile limebomolewa, pamejengwa kibanda cha kuuza nguo za mitumba, na uani hakuna anayeita kwamba amerudi. Mitaa imejaa magari ya Kijapani, lakini hayo yanasema na barabara tu.

Basi juzi pale Laela, lori lilipozimwa, nikasogea nyuma ya magunia, nikasema polepole, "Okaeri."

"Umesema nini, mshikaji?" kuli mwenzangu akauliza.

Nikamwambia nimesahau.