Fundi wa Kabanga na Orodha Yake

Niliitumbukiza simu kwenye ndoo ya nepi, maji ya sabuni yakaifunika, nikasema basi, imekwisha. Ikaita kutoka chini ya maji, na mwanangu akacheka. Hapo uvumilivu wangu ukakatika. Mniite mwongo mkitaka. Sina ninachopata kwa kuwadanganya.

Yalianzia Kabanga, mpakani, siku ya soko, mchana wa jua kali. Simu ilikuwa inajizima ovyo. Jirani na wabadilisha fedha nikaona kibanda kigeni, ndani kuna fundi amefunga vifungo vya shati hadi kooni, na hatoki jasho hata tone.

"Simu yako imebebeshwa mengi, dada. Nitaiwekea kerneli mpya, ule moyo wa mfumo unaoamua kipi kifanye kazi na kipi kilale. Wewe jibu tu, kiwepo au kisiwepo."

Akaanza kusoma. Redio? Iwepo. Laini mbili? Ziwepo, ya huku na ya Burundi. Mtoto analia mgongoni, orodha haiishi.

"Kaka, weka vyote! Umeniweka hapa kama naomba hati ya kusafiria!"

"Hata sauti za marehemu?"

"Nimesema vyote!" Nani angejua kwamba hatanii?

Simu ikawa nyepesi, chaji siku tatu. Kisha ikaanza kuita bila namba. Alikuwa mama mkwe, tuliyemzika Nemba kabla mtoto hajazaliwa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mbona mtoto hana kofia?"

Niaminini, ningeuvumilia mzimu wa kutisha. Huyu kila siku uji mzito, nepi hazijasuuzwa, ziwa limechelewa! Mume wangu akiishika simu anasikia kimya, halafu ananitazama mimi. Na mtoto sasa hanyamazi mikononi mwangu mpaka bibi yake aongee. Sasa huyu ni mtoto wa nani?

Nimerudi Kabanga mara mbili. Palipokuwa na kibanda pana shimo la taka, na wabadilisha fedha wanaapa limekuwepo miaka yote.

Wewe fundi akikusomea orodha, sikiliza mpaka mwisho, hata mtoto alie mpaka sauti imkauke.

Jana nimepeleka malalamiko kwa mtendaji wa kijiji, kwa maandishi: "Namlalamikia fundi nisiyemjua jina, kwa kuniwekea mama mkwe kwenye kerneli. Naomba atafutwe, amtoe, mwanangu arudi kwangu."

Mtendaji akauliza kama nina shahidi. Simu ikaita.

"Mwambie nipo," mama mkwe akasema. "Na uandike vizuri, mwandiko gani huo?"

Nikamwandika shahidi namba moja. Barua ikagongwa muhuri.