Kobe Aliyewachelewesha Mahujaji

Philister alikuwa mtu wa kutoamini mpaka aone. Miaka mingi ya kutunza wazee huko Roseville, ughaibuni, ambao huficha vidonge chini ya ulimi, ilimfundisha kutazama mikono ya watu kuliko nyuso zao.

Kwa hiyo siku ya hija, waumini walipotoka Fridley kwa miguu kando ya mto kwenda kanisa kuu la Saint Paul, macho yake yalikuwa kwa mzee Bagalwa, Mkongomani mgeni parokiani. Wenzake walisali rozari huku pamba za miti zikielea na kunasa kwenye nywele zao. Ndege mweusi mwenye mabega mekundu aliwashukia vichwani akilinda kiota chake, nao wakainama wakicheka. Bagalwa hakucheka. Alitazama nyasi tu. Mara achuchumae, mara atie kitu kwenye mfuko wa plastiki.

Philister alimuuliza Kerubo, rafiki yake wa kazini, mfuko ule ulikuwa wa nini. Kerubo akamwambia aendelee kusali.

Penye kona Bagalwa aliachana na msafara. Philister akasingizia kiatu kinambana, akabaki nyuma, kisha akamfuata kichakani.

Alimkuta amesimama karibu na kobe mkubwa kama karai, mwenye mkia wa meno kama wa mamba. Kobe alikuwa amechimba changarawe kwa miguu ya nyuma na sasa anataga mayai meupe ya mviringo. Bagalwa aligeuka akamwona. Philister alitazama ule mfuko, akaapa moyoni kwamba hatabanduka hapo kabla ya mzee yule. Bagalwa naye akakaa juu ya jiwe.

Nyimbo za msafara zilififia kabisa. Kobe alifukia mayai, akajikokota kurudi mtoni. Wao wawili bado wapo pale.

"Mzee, tangulia. Mimi nitakuja," Philister alisema.

"Tangulia wewe, mama."

Hapo akamuuliza waziwazi kuhusu ule mfuko. Bagalwa akaufungua: nyuzi za kuvulia samaki zilizotatizana, ndoana zenye kutu, vizibo vya chupa. Alisema alikuwa akiokota asije ndege akanaswa.

"Na mayai?"

"Miye nilizani ni wewe unayataka," alijibu. "Tangu asubuhi unanitazama. Nikasema, huyu mama akibaki hapa peke yake, mayai yamekwisha."

Wakaondoka pamoja, wakafika kanisani watu wakipokea komunyo, wakasimama nyuma.

Hata hivyo hakuridhika. Mfuko ungeweza kuwa na kazi mbili. Kesho yake, alipotoka kazini, aliendesha gari moja kwa moja hadi pale. Changarawe ilikuwa imetawanywa, na maganda yamejikunja juani kama karatasi iliyolowa. Akageuka, na Bagalwa huyo anakuja njiani. Mzee alitazama shimo, kisha akatazama mikono ya Philister.

Philister aliificha mikono nyuma, kama mwizi, kabla hajajijua.

Bagalwa ndiye aliyeziona nyayo kwenye tope: vidole vyembamba kama vya mtoto mchanga. Rakuni, wale wanyama wanaopekua mapipa ya taka usiku. Alipiga magoti, akachimbua polepole kwa kidole. Chini kabisa mayai machache yalikuwa mazima. Akayafukia. Philister akaleta kreti ya plastiki yenye matundu mapana kutoka kwenye buti la gari, wakaifunikiza juu ya shimo na kuikandamiza kwa mawe.

Majira yote ya joto walikuwa wakikutana pale, kila mmoja akidai anapita tu. Bagalwa alimwonyesha majani ya kutogusa, yenye sumu inayowasha. Philister alimletea chai ya maziwa kwenye chupa.

Mwishoni mwa Agosti Bagalwa alimpigia simu akiwa kazini. Vitoto vya kobe vilikuwa vinatoka, alisema, vinaelekea majini.

"Tuma picha," Philister akamwambia.

Picha ilipofika, aliikuza kwa vidole, akaichunguza kila pembe: vitoto tu, hapakuwa na mfuko. Kisha akamwita Kerubo aje aone.